Anayebeba Pumziko Lako Atapumzika Lini?



Amri ya kuitakasa siku ya Bwana tumeifahamu tangu mafundisho ya utotoni, lakini wengi wetu tumeishika nusu. Tunaikumbuka siku, tunaisahau orodha. Ukifungua Kitabu cha Kutoka sura ya 20, au Kumbukumbu la Torati sura ya 5, utaona kwamba Mungu hamwambii mwenye nyumba apumzike peke yake. Anawataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni anayeishi kati yao. Katika Kumbukumbu la Torati sababu inatolewa waziwazi: watumishi wapate pumziko lile lile analolipata bwana wao, kwa maana Waisraeli nao walikuwa watumwa huko Misri, na Mungu ndiye aliyewatoa.

Basi amri hii haihusu ibada peke yake. Ni amri ya haki. Mwenye mamlaka juu ya muda wa wengine anaagizwa awaachie wengine muda wao. Tunasema bila kuficha: pumziko linalobebwa mgongoni mwa mwingine si pumziko la Bwana. Ni kazi ile ile, imehamishwa tu kutoka bega moja kwenda bega jingine.

TUMEBISHANIA SIKU, TUMEMSAHAU MTU

Katika Milima ya Upare Kusini suala la siku ya pumziko si geni. Wamisionari Waadventista Wasabato kutoka Ujerumani walifika Upare mwaka 1903 wakaanzia Giti, na Suji ikawa moja ya misheni zao za mwanzo. Tangu enzi hizo, atokaye Makanya na kupanda kuelekea Suji siku ya Jumamosi hukuta majembe mengi yamewekwa chini. Siku ya Jumapili, Wakatoliki na Walutheri wa wilaya hii ya Same nao huyaweka chini ya kwao. Kwa zaidi ya miaka mia moja tumekuwa tukibishana: siku ya kweli ni ipi? Wazee wamebishana barazani, wanafunzi wamebishana mabwenini, na wachumba wamebishana kabla ya ndoa na hata baada yake.

Hatuandiki ili kuumaliza ubishi huo wala kuuchochea. Tunaandika kwa sababu anayetetea Jumamosi na anayetetea Jumapili hukaa kivulini wakabishana, huku mwanamke yule yule akiwapita njiani na ndoo kichwani.

Itazame Ijumaa alasiri katika nyumba ya jirani zetu. Ni siku ya maandalio. Kuni ziwe zimeingia ndani, maji yawe yamejaa, nguo ziwe zimefuliwa, chakula kiwe kimeiva kabla jua halijazama. Utaratibu huu ni mzuri, nao unatufundisha sisi tusioandaa chochote. Lakini tuulize kwa upendo: ni nani anayeandaa? Kama kazi ya siku mbili inatwikwa mtu mmoja ili wengine sita wapumzike, mtu huyo ataiona Sabato akiwa amechoka kuliko siku nyingine zote.

Nasi wa Jumapili tusiwacheke. Misa ikiisha, Halmashauri ya Walei hukaa kikao, na wanawake hukaa jikoni. Semina inapofanyika parokiani, wapo wanaosikiliza mada juu ya hadhi ya mwanadamu, na wapo wanaosikia harufu ya moshi tu. Tumezoea kumsifu Mariamu aliyeketi miguuni pa Bwana. Hatujapata kumwona mwanamume akisimama katikati ya mada ili akamsaidie Martha, naye apate kuketi.

Mwinjili Luka, sura ya 13, anatusimulia habari ya mwanamke aliyekuwa amepinda mgongo kwa miaka 18. Yesu alimponya siku ya Sabato, ndani ya sinagogi, na mkuu wa sinagogi akakasirika. Jibu la Yesu linatuhusu moja kwa moja. Aliwakumbusha kwamba kila mmoja wao humfungua ng'ombe wake au punda wake siku ya Sabato akamnywesha maji. Je, binti wa Abrahamu asifunguliwe? Hapa kwetu migongo iliyopinda tunaijua. Imepindwa na mizigo ya kuni, na mikungu ya ndizi, na majani ya ng'ombe wa zizini, juu ya njia zenye mteremko ambao mgeni huupanda akihema. Ng'ombe wa zizini hakosi majani hata siku ya Sabato. Anayemletea hayo majani, ni nani anayemfungua?

Jambo hili halikuanza kusemwa leo, wala halikusemwa na watu wa Kanisa peke yao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, wakati wanaume wa vijijini wako likizoni nusu ya maisha yao. Maneno hayo yaliwaudhi wengi wakati ule. Ingekuwa heri kama leo yangetuudhi kwa kuwa ni ya uongo. Yanatuudhi kwa kuwa bado ni ya kweli.

Wapo watakaosema kwamba mke hakutajwa katika ile orodha ya amri. Ni kweli, hakutajwa. Hata hivyo, asidhani mtu kwamba amesahauliwa. Mke hakuwekwa pamoja na watumishi wala mifugo kwa sababu amri inasema naye kama inavyosema na mumewe. Naye ni mwenye nyumba. Anayemnyima pumziko amempunguzia cheo alichopewa na Mungu.

BINTI ALIYETEREMKA MLIMANI

Yuko mwingine ambaye hatumwoni njiani kwa sababu tumekwisha kumpeleka mbali. Kila mwaka wapo mabinti wanaomaliza darasa la saba, wasipate nafasi au nauli au sare ya kuendelea na masomo, wakateremka kutoka milimani na begi moja kwenda Same, Moshi, Arusha au Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani. Mara nyingi anayekuja kuwachukua ni mtu wa ukoo, au muumini mwenzetu anayeheshimika kanisani.

Huko mjini binti huyu huitwa dada. Ni jina zuri, nalo lingetosha kumlinda kama lingetumika kwa maana yake. Lakini dada huyu huamka saa kumi alfajiri akawasha moto wa chai, na hulala saa tano usiku baada ya kuosha sufuria ya mwisho. Siku ya Jumapili huwapigia pasi watoto nguo za kanisani, huwafunga viatu, kisha hubaki kulinda nyumba na kupika. Familia nzima imekwenda kumwabudu Mungu aliyeamuru mjakazi apumzike. Mjakazi amebaki nyumbani.

Mfanyakazi huyu analindwa na sheria, hata kama hajapata kuisikia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka kikomo cha siku 6 za kazi kwa wiki na saa 45 za kawaida. Inadai saa 12 mfululizo za pumziko kati ya siku moja ya kazi na inayofuata. Na hata pale mfanyakazi anapoishi mahali pa kazi, makubaliano ya maandishi hayawezi kuzishusha chini ya saa 8. Inadai saa 24 za pumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, na inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2011, huko Geneva, mataifa yalipitisha Mkataba wa Kazi wa Kimataifa Na. 189 unaotambua kwamba kazi ya nyumbani ni kazi, na kwamba anayeifanya anastahili saa 24 za pumziko kila wiki.

Tufikirie aibu iliyomo katika jambo hili. Serikali isiyo na dini imeandika katika sheria yake kile ambacho Mungu alikiandika katika jiwe, na sisi tunaokiri kwamba tunalifuata lile jiwe hatufuati hata karatasi.

Wapare wana historia ya kukataa mzigo usio wa haki. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka hadi Same wakapiga kambi kupinga kodi ya mbiru iliyowekwa na serikali ya kikoloni. Watu hao hawakuwa na bunduki. Walikuwa na miguu, subira na umoja. Wajukuu wao tunajivunia habari hiyo. Lakini binti anayefanya kazi siku 7 kwa wiki anatozwa mbiru ya aina nyingine. Anatozwa Jumapili zake, usingizi wake na ujana wake, na watoza kodi ni sisi.

VISINGIZIO VINAVYOSIKIKA

Wa kwanza husema: "Yeye ni kama mwanangu; anakula tunachokula." Tunauliza: mwanao naye huamka saa kumi? Mwanao naye hubaki nyumbani siku ya Misa? Kama jibu ni hapana, neno hilo "kama" limebeba uongo mwingi.

Wa pili husema: "Ukimpa siku ya mapumziko ataharibika, atakutana na watu wabaya." Huyu anajitangaza kuwa mlezi, lakini amejigeuza kuwa mlinzi wa gereza. Binti asiye na rafiki, asiye na jumuiya, asiyemjua hata katekista wa kigango, ndiye aliye hatarini zaidi. Akidhulumiwa hana wa kumwambia. Siku ya pumziko ndiyo mlango wake wa kutokea.

Wa tatu husema: "Watu wa siku hizi ni wavivu." Kisingizio hiki ni cha zamani sana. Soma Kutoka sura ya 5. Waisraeli walipoomba ruhusa ya kwenda jangwani kumwabudu Mungu wao, Farao aliwaita wavivu, akawanyima majani ya kutengenezea matofali, na hesabu ya matofali akaiacha ile ile. Kabla hujamwita mtu mvivu kwa kuwa ameomba kupumzika, jihadhari usije ukawa unaazima maneno ya Farao.

Wa nne, na huyu tunamwonea huruma, husema: "Sisi ni maskini. Tukisimama siku moja, njaa inaingia." Wanaosema hivi wapo wengi: mwendesha bodaboda anayetakiwa kumpelekea mwenye pikipiki hesabu ya kila siku; mama muuza mboga kando ya barabara kuu; kibarua anayelipwa kwa siku. Kwao hatuna neno la lawama. Lawama inakwenda kwa mwenye pikipiki, ambaye mara nyingi ni muumini mwenzetu aliyeketi benchi la mbele. Wewe unayedai hesabu ya siku 7, unamwambiaje kijana wako aitakase siku ya Bwana? Dai hesabu ya siku 6. Hapo ndipo tutajua kwamba unaamini.

KUMTUMAINI MUNGU SI DAWA YA USINGIZI

Hapa tunafika kwenye kiini cha waraka huu. Mahubiri mengi juu ya kumtumaini Mungu kazini huelekezwa kwa mtu asiyefaa. Aliyechoka anaambiwa avumilie. Aliyenyimwa anaambiwa asisumbukie kesho. Maua ya kondeni na ndege wa angani wanasomwa mbele ya mtu asiye na akiba, naye anaambiwa kwamba mashaka yake ni upungufu wa imani. Imani ikihubiriwa namna hii inakuwa dawa ya kuwalaza wanyonge ili wasiulize maswali.

Katika Maandiko mpango ni tofauti. Watu walipopewa mana jangwani, Kutoka sura ya 16, jaribio la imani lilimhusu mwenye kukusanya. Yeye ndiye aliyeambiwa asijiwekee akiba ya kesho. Waliojiwekea waliikuta imeoza na kutoa wadudu. Yeye ndiye aliyeambiwa siku ya saba asitoke. Waliotoka hawakukuta kitu. Na aliyekusanya kingi hakuzidiwa, wala aliyekusanya kidogo hakupungukiwa. Kumtumaini Mungu, basi, ni tendo la mkono unaoacha kushika. Mwenye shamba anatumaini anapomwachia kibarua siku yake. Mwenye duka anatumaini anapofunga mlango wakati wateja bado wanapita. Mama mwenye nyumba anatumaini anapoosha vyombo kwa mikono yake Jumapili, ili yule dada aende kanisani. Baba anatumaini anaposhika ndoo.

Na yule aliyechoka, Mungu anamfanyia nini? Tumtazame Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alikuwa amekata tamaa hata akaomba kufa. Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimwacha alale, akamtuma malaika amletee mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Safari ya kwenda Horebu na sauti ndogo ya utulivu vilikuja baadaye. Anayetaka kumfariji mtu aliyechoka kwa jina la Mungu, na aanze pale Mungu alipoanzia: ampe usingizi na chakula, kisha ndipo afungue Biblia.

Kanisa limelifundisha jambo hili kwa sauti ya wazi. Papa Leo wa 13, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliwaagiza waajiri wawaachie wafanyakazi nafasi ya ibada na pumziko la Jumapili. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alihesabu pumziko la kila wiki na likizo ya kila mwaka kuwa ni haki za mfanyakazi, akafundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mwanadamu na siyo mwanadamu kwa ajili ya kazi. Mapapa hawa waliandika juu ya haki, wala hawakuandika juu ya hisani. Haki hainyimwi hata kwa anayeitwa dada.

HEKIMA YA NDIVA

Wazee wa milima hii walituachia somo ambalo halihitaji kitabu. Mfereji wa maji ukiachwa wazi usiku na mchana, maji yake membamba huishia kwenye mashamba ya karibu, na mashamba ya mbali hukauka. Kwa hiyo walichimba ndiva. Jioni ndiva hufungwa, na maji hukaa usiku kucha yakijikusanya. Asubuhi hufunguliwa, yakatoka kwa nguvu na kufika mbali. Mgeni anayepita usiku angeweza kudhani kwamba maji yale yamekaa bure. Mwenyeji anajua kwamba bila usiku ule hakuna mavuno.

Wazee waliongeza jambo la pili: zamu. Ndiva si ya mwenye shamba la juu peke yake. Kila mwenye haki ana zamu yake, na anayeiba maji ya zamu ya mwenzake hushtakiwa mbele ya wazee. Na wakati wa kuisafisha mifereji, watu hutoka kwa msaragambo, wakafanya kazi ile pamoja.

Ndivyo lilivyo pumziko. Halipotezi kazi, bali huikusanyia nguvu. Nalo lina zamu, na anayeliiba la mwenzake ni mwizi kama mwizi wa maji. Inakuwaje basi tuwe wakali juu ya mfereji, tukawa wapole juu ya mgongo wa binti?

TUFANYE NINI?

Tunapendekeza mambo manne, nayo yanaweza kuanza juma hili.

Kwanza, kila familia yenye mfanyakazi wa nyumbani imtajie siku yake ya pumziko, siku kamili, na asubuhi hiyo apelekwe au aruhusiwe kwenda katika ibada ya dhehebu lake mwenyewe. Akiwa Msabato katika nyumba ya Mkatoliki, Jumamosi ni yake.

Pili, wazazi wasimtoe binti kwenda mjini pasipo makubaliano ya maandishi yenye mshahara, saa za kazi, siku ya pumziko na likizo ya kuja nyumbani. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wawe mashahidi. Anayekataa kuandika anatuambia mapema atakachokifanya.

Tatu, katika shughuli zote za parokia na vigango, kupika na kuosha vyombo kufanywe kwa zamu ya wanawake na wanaume. Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei aanze yeye.

Nne, katika kila nyumba kazi zisizoweza kusimama, kama kunywesha mifugo, kuchota maji na kuwahudumia wagonjwa, zigawanywe siku ya Bwana kwa wote wenye mikono, kwa mfano wa msaragambo. Kazi inayogawanywa kwa watu sita humchosha kila mmoja kidogo. Kazi hiyo hiyo ikimwangukia mmoja, humwondolea siku yake nzima.

Isaya, sura ya 58, anawaeleza watu waliolalamika kwamba wanafunga na Mungu hawaoni. Jibu walilopewa lilikuwa chungu: siku ile ile ya kufunga walikuwa wakiwaonea wafanyakazi wao. Tusishangae, ndugu, ikiwa sala zetu nzuri za Jumapili zinagota kwenye bati. Labda jikoni yupo mtu anayelia, na Mungu anamsikiliza yeye kwanza.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba yetu, ni nani wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka? Tumewahi kumuuliza anapumzika lini?

2. Ni mabinti wangapi wa kijiji chetu walioteremka kufanya kazi mjini miaka hii mitatu? Nani kati yetu anajua hali zao, na nani atakwenda kuwaona?

3. Sisi tulio na vibarua, bodaboda, duka au shamba: tuko tayari kupoteza mapato ya siku moja kwa wiki kwa kumtumaini Mungu? Kama hatuko tayari, tunamtumaini nani?